Seramu na Kichaa cha Mbwa: Hotuba kwa Wakazi wa Kata ya Pasiansi



Damu ikiachwa ndani ya chupa mpaka igande, hujitenga: chini hubaki donge jekundu, na juu yake maji maangavu yenye rangi ya manjano hafifu. Maji hayo huitwa seramu. Mtu au mnyama aliyechanjwa, au aliyepona ugonjwa wa virusi, huwa na kingamwili ndani ya seramu yake. Kingamwili huvishika virusi na kuvifunika, visipate pa kuingilia katika chembe hai. Virusi visivyoingia ndani ya chembe haviwezi kuzaliana.

Jambo hili hupimwa maabara. Seramu huchanganywa na virusi, kisha mchanganyiko hutiwa kwenye chembe hai zilizooteshwa. Chembe zikiharibika, kinga haipo. Zikisalimika, kinga ipo. Huko Muguga, Kenya, Walter Plowright alitengeneza chanjo ya sotoka kwa kuotesha virusi katika chembe za namna hiyo, na vipimo vya seramu vikaonyesha ng'ombe waliopata kinga. Mwaka 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani.

Kichaa cha mbwa bado kipo. Virusi vyake hufuata mishipa ya fahamu kutoka kwenye jeraha hadi ubongoni, na dalili zikishatokea, karibu kila mgonjwa hufa. Chanjo apewayo aliyeng'atwa huhitaji siku kadhaa kabla mwili haujatengeneza kingamwili zake. Ili kuziba pengo hilo, kingamwili zilizotolewa katika damu ya watu au farasi waliochanjwa hudungwa ndani na kandokando ya jeraha, zivizime virusi papo hapo. Virusi vikishaingia katika mishipa ya fahamu, dawa hiyo haivifikii tena.

Kwa hiyo aliyeng'atwa na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha afike kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata jeraha likiwa dogo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa, na amalize sindano zote alizopangiwa.

Dawa yenye kingamwili ni ghali na ni adimu. Chanjo ya mbwa ni nafuu. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kila mwenye mbwa na ampeleke kuchanjwa: kinga iliyomo katika damu ya mbwa ndiyo ngao ya mtoto anayecheza naye uani.