NIDHAMU CHUONI IPIMWE KWA MIZANI YA HAKI

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama, wazazi na vijana wa Ipililo, Wilaya ya Maswa, Mkoa wa Simiyu.)



Mlituomba tuzungumze juu ya vijana wetu walioko vyuoni, juu ya sheria zinazoongoza mwenendo wao huko, na juu ya mashauri yanayofanyika mmoja wao anaposhitakiwa kuwa amezivunja. Jambo hili si dogo. Hapa kwetu mtoto haendi chuoni kwa fedha iliyolala. Huenda kwa pamba, kwa ng'ombe aliyeuzwa mnadani, kwa mchango wa wajomba na mashangazi, na kwa mkopo wa Serikali. Basi siku inapofika habari kwamba mtoto amesimamishwa masomo, nyumba nzima imesimamishwa pamoja naye.

Twataka tuseme wazi tangu mwanzo tunasimama wapi. Nidhamu ni lazima. Chuo kisicho na sheria si chuo, ni gulio. Lakini adhabu anayopewa mtu bila ya kusikilizwa si nidhamu, ni nguvu tu. Mambo haya mawili hayapingani, na wala hatukubali kuambiwa tuchague moja.

Wazee walioko hapa wanakumbuka, au walisimuliwa na baba zao, jinsi pamba ilivyokuwa ikinunuliwa katika nchi yetu ya Usukuma kabla ya Uhuru. Mkulima alileta mzigo wake, mnunuzi akauweka juu ya mizani yake, akasoma mwenyewe, akataja uzito mwenyewe, akalipa alichotaka. Mkulima hakukataa kupimwa. Alikataa kupimwa kwa mizani asiyoweza kuisoma. Kwa sababu hiyo wakulima wetu walidai wapimaji wao wenyewe wasimame penye mizani, na katika madai hayo ukazaliwa ushirika. Mwaka 1955, chini ya uongozi wa Ndugu Paul Bomani, kikaundwa chama kikuu cha ushirika wa pamba cha Victoria, kikawa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya ushirika katika Afrika. Sheria ya chuo nayo ni mizani. Mwanafunzi asikatae kupimwa. Lakini naye aione mizani, aisome, na awepo inapopimwa.

Ndugu wananchi, mashauri ya vijana wa vyuo si mambo mapya katika Afrika ya Mashariki. Mwaka 1952, katika Chuo cha Makerere huko Uganda, wanafunzi waligoma kwa sababu ya chakula. Katika waliofukuzwa alikuwamo kijana Abu Mayanja, aliyekuwa katibu mkuu wa kwanza wa Uganda National Congress, chama kilichoundwa mwaka huo huo. Chuo kilimtoa, lakini hakikuweza kuzima akili yake. Alikwenda kusoma Cambridge, na baadaye akawa waziri katika nchi yake. Wakati wa mkoloni tulikuwa na jibu jepesi: tulisema mtawala ni mgeni, na sheria yake ni ya kutunyamazisha. Lakini je, siku tulipojitawala wenyewe, vyuo vikawa vyetu na sheria zikawa zetu, tulifanyaje?

Jibu la swali hilo lilitafutwa tarehe 22 Oktoba, 1966. Siku hiyo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine vya mjini, waliandamana hadi Ikulu. Walikuwa wakipinga sheria iliyowataka waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa muda wa miaka miwili, na ya kwamba sehemu kubwa ya muda huo wafanye kazi zao kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wengine walivaa majoho ya chuo. Bango moja lilisema kwamba afadhali wakati wa ukoloni.

Fikirini, ndugu zangu, maneno hayo yalivyomchoma mkulima wa Usukuma. Chuo kile kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani. Jengo la chama cha wananchi ndilo lililowapa wasomi wetu wa kwanza mahali pa kukaa na kusoma. Halafu kijana anayesomeshwa kwa jasho la watu hao anasema afadhali mkoloni! Hatuwezi kuliita kosa hilo dogo.

Mwalimu Nyerere aliwapokea, akasikiliza tamko lao, akajibu kwa hasira. Alisema hatamlazimisha mtu, bali wasiotaka waende nyumbani. Wanafunzi 393 wakarudishwa makwao. Lakini siku ile ile alifanya jambo la pili, ambalo mara nyingi husahauliwa. Vijana walikuwa wamelalamika kwamba wakubwa wanajipa mishahara minono huku wakiwahimiza wengine wajinyime. Mwalimu alikiri kwamba mishahara hiyo ni mikubwa mno, akapunguza wake kwa asilimia 20, na mishahara ya mawaziri na maofisa wa juu ikapunguzwa pia. Haikupita miezi minne, tarehe 5 Februari, 1967, likatoka Azimio la Arusha. Na katika mwaka huo wa 1967 wengi wa vijana wale waliruhusiwa kurudi masomoni.

Sisi twajifunza nini hapo? Twajifunza mambo matatu.

La kwanza, anayetoa adhabu naye ashikwe na nidhamu ile ile. Adhabu ya 1966 ingekuwa uonevu mtupu kama wakubwa wangebaki na mishahara yao kamili huku vijana wakifungasha mizigo.

La pili, adhabu njema ina mlango wa kurudia. Taifa halikuwa na wasomi wa kutupa. Baba hamfukuzi mtoto kisha akachoma nyumba.

La tatu ni gumu zaidi, nasi tunalisema kwa heshima yote. Vijana wale 393 walihukumiwa kwa siku moja na kwa neno moja. Aliyeongoza, aliyefuata mkumbo, na aliyeogopa kubaki peke yake bwenini, wote walipata hukumu moja. Kiongozi wa nchi katika saa ya hatari aweza kufanya hivyo, na historia itampima. Lakini mkuu wa chuo, katika siku za kawaida, asifanye desturi ya kuhukumu kundi. Mnamo Machi 1978 wanafunzi wa Mlimani waliandamana tena, safari hiyo kupinga nyongeza za mapato ya wakubwa, na mamia wakafukuzwa. Yaani lile jambo ambalo mwaka 1966 lilipata jibu, mwaka 1978 lilipata adhabu kwanza. Tunapoadhibu bila kusikiliza, tunapoteza pia lile neno la kweli lililokuwamo ndani ya kelele.

Lakini tusidhani kwamba nidhamu ya chuo ni habari ya maandamano tu. Makosa mengi ni ya kila siku: kuiba katika mtihani, kupigana, ulevi, kuharibu mali, kumdhalilisha mwenzako. Mwezi Februari, 1990, msichana mmoja mwanafunzi wa Mlimani alijitoa uhai baada ya kusumbuliwa na wanafunzi wa kiume. Siku hizo palikuwa na kundi lililojificha nyuma ya jina la Punch, likibandika ukutani maneno na picha za kuwatukana wanafunzi, hasa wasichana. Wengi waliliita utani. Akina mama mlioko hapa, hebu jiulizeni: kama sheria ya mwenendo ingeshikwa mapema, tungemzika mtoto yule? Mtu akiwaambia kwamba sheria za chuo ni za kuwabana vijana, mwambieni kwamba sheria hulinda kwanza yule asiye na mtu wa kumtetea.

Na tena, sheria humfuata mwanafunzi hata nje ya geti la chuo. Mwezi Oktoba, 1996 ulikwisha pita zamani. Tunasema juu ya Oktoba, 2016. Mwezi huo zilienea nchi nzima kwa simu picha za vijana wa vyuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha huko Mbeya, wakimpiga mwanafunzi wa sekondari kwa ngumi na mateke. Serikali ikaagiza wafukuzwe vyuoni. Kanuni za mwaka 2002 juu ya viboko mashuleni zilikwisha weka mipaka: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyempa idhini ya maandishi, na viandikwe katika kitabu. Hata fimbo, basi, ilipewa daftari na mpaka. Sembuse kalamu inayomfukuza mtu chuoni, ambayo maumivu yake hayaishi kwa wiki moja?

Sasa tuje kwenye kazi yetu sisi wazazi na wanachama. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, Ibara ya 13, yasema kwamba haki ya mtu inapoamuliwa na mahakama au na chombo kingine chochote, mtu huyo apewe nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na awe na haki ya kukata rufaa. Maneno hayo "chombo kingine" yaifikia pia kamati ya nidhamu ya chuo. Basi fanyeni hivi.

Kwanza, siku mtoto anapopokewa chuoni hupewa kanuni za wanafunzi, kisha hutia sahihi kwamba amezikubali. Wengi hutia sahihi bila ya kusoma. Mwambieni azisome, naye awaeleze ninyi nyumbani kwa maneno yake mwenyewe. Akishindwa kueleza, hajasoma.

Pili, akishitakiwa, aombe mashitaka kwa maandishi: kosa gani, kanuni ipi, siku gani, mashahidi nani. Ajibu kwa maandishi pia, kwa adabu, bila matusi na bila uongo. Aweke nakala. Siku ya kuitwa na kamati, afike. Asiyefika huwa amejihukumu mwenyewe.

Tatu, jueni tofauti ya adhabu. Kuna onyo, kuna kulipa kilichoharibiwa, kuna kusimamishwa kwa muda, na kuna kufukuzwa kabisa. Aliyesimamishwa anayo siku ya kurudi, aishike. Na rufaa ina siku zake zilizohesabiwa. Barua isifungiwe sandukuni kwa aibu mpaka siku hizo zikaisha. Tena mkumbuke kwamba mkopo haufutwi kwa sababu mtoto amefukuzwa. Deni litamfuata hata kama hakupata cheti.

Nne, na hili twalisema kwa ukali: msiende na bahasha, wala msitafute mtu mkubwa wa kupiga simu. Tunajua mioyo ya wazazi. Lakini mzazi anayenunua hukumu ya mtoto wake ameifundisha kamati kuuza, na kesho itamuuzia mwingine shauri dhidi ya mtoto wake huyo huyo. Baba zetu hawakumhonga mwenye mizani. Walidai mizani iwe sawa kwa wote.

Nanyi vijana, sikilizeni. Hatusimami hapa kutetea uvivu na ujeuri. Mwanafunzi aliyeiba mtihani wa uganga au wa ualimu amemwibia mgonjwa atakayemtibu na mtoto atakayemfundisha hapa hapa Ipililo. Huyo akithibitika na aadhibiwe, wala asitafute siasa ya kujificha. Mwenye malalamiko ya haki naye asiyapeleke kwa mawe. Ayapeleke kwa serikali ya wanafunzi, kwa mlezi, kwa barua yenye jina lake. Mtu anayejiamini husema jambo lake akiwa ameonyesha uso.

Na kwa wakuu wa vyuo twawaambia hivi. Ninyi mmeshika watoto wa watu. Banamhala wanapoketi kuamua shauri la kijiji, humwita anayelaumiwa, akasema la kwake, kisha wakaamua. Na akitoa alichotozwa, anarudi kuwa mtu wa kijiji. Hawamtoi mtu kijijini kwa fununu. Ninyi mlio na elimu kubwa msifanye pungufu ya hayo. Asikae mshitaki kuwa ndiye hakimu. Hukumu itolewe na sababu zake. Kosa la mmoja lisiwe la bweni zima. Mkifanya hivyo, mzazi wa Ipililo atakuwa wa kwanza kuwaunga mkono, hata kama aliyeadhibiwa ni mwanawe.

Ndugu zangu, nchi hii haitajengwa na wasomi wasioguswa na sheria, wala haitajengwa na wasomi waliofundishwa kuogopa tu. Yule anayesoma leo ndiye atakayekaa kesho kuamua mashauri ya wengine, katika kata, katika hospitali, katika ofisi ya Serikali. Kama alihukumiwa kwa haki, atajua haki inavyofanywa. Kama alihukumiwa gizani, naye atahukumu gizani. Basi tuisimamie mizani tangu chuoni.

Uhuru na Umoja!