Baruti Si Wembe: Mazungumzo na Wanakisomo



Leo tunataka kuzungumza juu ya mchezo ambao wengi wetu tunauona kila sikukuu inapokaribia. Ni mchezo wa vijana kujitengenezea fataki. Tunauita mchezo kwa sababu hakuna anayewalipa. Wanaufanya kwa kuupenda tu.

Sote tunajua unavyoanza. Mtoto huanza na spoki ya baiskeli, msumari na njiti za kiberiti. Akigonga ukutani, paa! Kuku wanatimka, wenzake wanashangilia. Na sisi wazazi je? Tunacheka pia.

Kijijini kwetu alikuwapo kijana wa miaka 15. Alikuwa fundi kweli. Baiskeli ikiharibika tulimpelekea yeye. Redio ikinyamaza, yeye aliisemesha. Sikukuu zilipofika alitengeneza fataki, nasi tukamsifu. Wengine tulimpa fedha akanunue viberiti. Mwaka uliofuata akataka mlio mkubwa zaidi. Siku ya mkesha wa mwaka mpya alikaa nyuma ya nyumba yao, akawa anashindilia unga wa viberiti ndani ya kipande cha bomba. Hakuwa na moto. Hakuwasha kitu. Bomba likapasuka mikononi mwake.

Tulipofika, vidole vitatu vya mkono wa kulia havikuwapo, na jicho moja lilikuwa limejaa damu. Hapo tukaongeza makosa juu ya makosa. Mmoja wetu alimpaka mafuta ya kupikia, mwingine akamwagia unga. Kule zahanati, mganga ilimbidi kwanza aondoe uchafu wetu, huku mtoto akilia. Jicho halikupona. Mpaka leo kijana yule hawezi kushika spana kwa mkono aliouzoea.

Wahenga walisema, mtoto akililia wembe, mpe. Wembe utamkata kidogo, naye atajifunza. Lakini jamani, baruti si wembe. Baruti haimpi mtu nafasi ya kujifunza kwa kosa lake.

Sasa tujiulize, kwa nini bomba lilipasuka bila moto?

Kichwa cha njiti ya kiberiti kina dawa iitwayo klorati. Dawa hii ina oksijeni, ile hewa inayolisha moto. Kwa hiyo huwaka hata ikifungiwa mahali pasipo hewa. Ubavuni mwa kasha kuna dawa nyingine, iitwayo fosforasi nyekundu. Dawa hizi mbili zikisuguana, moto hutoka. Ndiyo maana mwaka 1844 mtaalamu wa Sweden, Gustaf Erik Pasch, alibuni kiberiti cha usalama, ambacho dawa moja iko kwenye njiti na nyingine iko kwenye kasha. Zilitenganishwa makusudi. Kijana anayezikwangua na kuzikusanya anabomoa ukuta uliojengwa ili tusiungue.

Njiti moja huwaka fyuu, basi. Lakini vichwa vingi vikisagwa na kushindiliwa ndani ya chuma, kugonga kidogo au kusugua kidogo kunatosha. Moshi na joto hukosa pa kutokea. Chuma hupasuka, na vipande vyake huruka kama risasi.

Labda mtu atasema, kijana wetu alikuwa hajui. Hebu tuwatazame wanaojua. Huko Meksiko kuna mji uitwao Tultepec. Watu wake wamekuwa wakitengeneza fataki tangu zamani, baba akimrithisha mwana. Tarehe 20 Desemba 2016 soko lao la fataki lililipuka, wakafa watu zaidi ya 40. Tarehe 5 Julai 2018 ulitokea mlipuko mwingine mjini humo. Wazima moto na waokoaji walikimbilia pale kusaidia. Pakalipuka tena, na baadhi yao wakafa.

Marekani nako wapo watu wanaotengeneza fataki kwa kujifurahisha. Tangu mwaka 1969 wana chama chao cha kufundishana. Wenye busara miongoni mwao hufanya kazi mbali na nyumba, kwa kiasi kidogo, wamevaa miwani ya kukinga macho na nguo za pamba. Hawashindilii unga ndani ya chuma. Pamoja na hadhari yote hiyo, wapo wanaoumia. Sembuse mtoto aliyekaa nyuma ya jiko, hana miwani, hana mwalimu?

Hapa Tanzania kutengeneza baruti bila kibali ni kosa. Sheria ya Baruti ipo tangu mwaka 1963.

Basi tufanye nini? Tukumbuke mambo haya:

1. Tusimpe mtoto fedha za viberiti vya kuchezea. Mwenye duka akiona mtoto ananunua makasha mengi, amuulize, na awaambie wazazi.

2. Fataki ikikataa kulia, tusiisogelee wala kuiwasha tena. Tukae mbali, kisha tuimwagie maji mengi.

3. Tukikuta unga au bomba lililoshindiliwa, tusiliguse wala tusilifungue. Tuwaondoe watu, tuite polisi.

4. Mtu akiungua, tummwagie maji safi ya baridi kwa dakika 20. Tusipake mafuta, unga, asali wala dawa ya meno. Kisha tufunike jeraha kwa kitambaa safi.

5. Damu ikitoka, tubane jeraha kwa kitambaa safi na kuinua mkono juu.

6. Jicho likiumizwa na mlipuko, tusilisugue wala kulibana. Tulifunike kwa kikombe kisafi kisichogusa jicho, twende hospitali upesi.

Liko jambo la saba, nalo ndilo kubwa. Anayependa kutengeneza fataki mara nyingi si mtoto mjinga wala mhuni. Ni mtoto mwenye akili ya ufundi. Tukimchapa tu, atajificha porini na kuendelea peke yake. Tumpe kazi ya kufanya kwa akili yake. Kama ni baiskeli, apewe baiskeli. Kama ni redio, aketi na fundi wa redio. Yule kijana wetu alitaka kusifiwa. Tungemsifu kwa baiskeli alizotengeneza kama tulivyomsifu kwa mlio wa fataki, huenda leo angekuwa na vidole vyake vyote.

Tunawaomba mjadili darasani maswali haya:

Je, kijijini kwenu watoto hutengeneza nini sikukuu zikikaribia? Nani huwapa fedha za kununulia viberiti? Na yule aliye fundi kuliko wenzake, mmempa kazi gani?