Mbwa wa Kambini: Tuwachanje, Tusiwapige Mawe

Leo tuzungumze juu ya mbwa wanaozurura.

Wengi wao si wakali, wana njaa tu. Wamefuata mabaki ya chakula jalalani. Watoto huwarushia mawe, wakubwa huwatega kwa sumu. Lakini mbwa anayepigwa kila siku hujifunza kung'ata. Sumu nayo haichagui: huua kuku wa jirani, na inaweza kumdhuru mtoto. Tena, tukiua mbwa waliochanjwa huku jalala likibaki wazi, watakuja wengine wasio na chanjo.

Kinachozuia kichaa cha mbwa ni chanjo. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kisiwani Pemba, Tanzania, walichanja mbwa mwaka baada ya mwaka, na kufikia 2014 ugonjwa ukatoweka. Uliporudi mwaka 2016 walichanja tena, ukaondoka tena.

Sasa, mama na baba, sikilizeni vizuri. Mtoto aliyemchokoza mbwa akang'atwa huficha kidonda kwa kuogopa fimbo. Kuficha huko kunaweza kumuua. Leo jioni mwambie: "Mbwa akikung'ata, hata akikukwaruza, njoo uniambie. Sitakupiga."

Akishakuambia, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Usipake majivu, mafuta wala pilipili. Siku hiyo hiyo mpeleke zahanati. Kama chanjo haipo hapo, omba rufaa, usirudi nyumbani kungoja. Akianza sindano, azimalize zote. Dalili zikishaonekana, karibu hakuna anayepona.

Mbwa aliyeng'ata asiuawe kwa hasira. Mjulisheni kiongozi wa mtaa. Kama anaweza kufungiwa bila hatari, apewe maji na chakula, aangaliwe siku 10. Akiugua au akifa, waambieni wahudumu wa afya mara moja.

Na sisi sote tufukie mabaki ya chakula. Mwenye mbwa ampe maji, na ampeleke siku ya chanjo ikitangazwa. Mbwa aliyechanjwa ni ukuta kati ya ugonjwa na watoto wetu.

Mwambie na jirani asiye na redio.