Mfadhili, Mhisani na Sharti la Mtoaji

Mwaka 1884 Jenerali Augustus Pitt-Rivers alikikabidhi Chuo Kikuu cha Oxford mkusanyiko wake wa vitu zaidi ya 20,000, kwa masharti: chuo kiujengee jumba, na kimweke mhadhiri wa anthropolojia. Aitwe nani kwa Kiswahili? Magazeti yangesema "mfadhili". Lakini neno hilo, litokanalo na fadhila, humtwika mpokeaji deni la shukrani. "Mhisani" hudokeza wema usiodai malipo. Hakuna kati ya hayo mawili linalotaja sharti. Linalokaribia ni "wakfu", ambamo kauli ya mwekaji humfunga msimamizi hata baada ya mwekaji kufa. Ingawa, bila shaka, Oxford hapakuwa na kadhi wa kuusimamia.

Tofauti hii haiishii kwenye kamusi. Afisa wa makumbusho ya chuo anayemwandikia tajiri barua na kumwita "mfadhili" ameahidi shukrani isiyo na mipaka, na huenda mwenzake anangojea kauli juu ya kitakachooneshwa na kitakachotafitiwa. Kumkatalia baadaye huonekana utovu wa fadhila. Katika barua hizo yafaa litumike "mtoaji", neno kavu, na masharti yaandikwe waziwazi kando ya kiasi kilichotolewa.