Programu Huchaguliwa kwa Kumtazama Mwananchi



Mama mboga wa Keroka hulipa ushuru wa soko katika mji uliokaa mpakani mwa Kisii na Nyamira. Skrini ya malipo ikimchanganya, pesa zake zinaweza kuingia kaunti isiyo yake. Ndiyo maana mfano wa majaribio hutangulia mfumo wenyewe.

Mfano wa kwanza huchorwa kwa kalamu na karatasi, ukajaribiwa pale pale sokoni. Programu hufuata, kwa maswali matatu. Je, itafanya kazi kwenye kompyuta zilizopo? Sketch huhitaji kompyuta ya Mac; Figma na Penpot hufunguka katika kivinjari, ila huhitaji intaneti. Je, mfano utafunguka kwenye simu ya mchuuzi? Je, kazi inaweza kuhamishwa? InVision ilifungwa mwishoni mwa 2024, wateja wakalazimika kutafuta kwingine. Penpot ni programu huria: kaunti inaweza kuiweka kwenye seva yake yenyewe.

Ni heri mchuuzi akwame kwenye mfano, skrini ibadilishwe, kuliko agundue kosa pesa zikishatoka.