Haki ya Kutengeneza: Mifumo Endeshi Huria na Miliki Kasese na Bwera



Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya Windows 10. Toleo lililofuata, Windows 11, linadai kompyuta iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na prosesa iliyomo katika orodha ya kampuni. Kwa prosesa za Intel, orodha hiyo kwa sehemu kubwa huanzia kizazi cha 8, kilichoanza kuuzwa mwaka 2017. Sisi hununua mitumba. Kompyuta nyingi tunazozikuta madukani zilikwisha kutumika maofisini ng'ambo kabla ya kutufikia. Zinawaka, kibodi zake nzima, zinatosha kabisa kuandika barua na kujaza ripoti. Zimehesabiwa kuukuu kwa uamuzi uliopitishwa mbali, na hakuna mtu wa Bwera aliyeulizwa.

Wanaolinganisha mifumo huria, kama Linux, na mifumo miliki, kama Windows, huanza na bei. Kwetu bei haituambii mengi, kwa sababu Windows inayowekwa na mafundi wetu mara nyingi ni nakala isiyo na leseni, na mteja haoni tofauti ya gharama. Swali zito ni lingine: mfumo ukiharibika au ukipitwa na wakati, nani ana haki ya kuutengeneza?

Mfumo endeshi ndio programu inayosimamia kompyuta yote, kuanzia kumbukumbu na diski hadi printa, na ndio unaoziruhusu programu nyingine kufanya kazi. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, akitaka mfumo ambao kila mtumiaji ataweza kuusoma na kuubadili. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alitoa kiini cha Linux, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya leseni ya GPL. Leseni hiyo inakupa haki nne: kutumia, kusoma msimbo, kuubadili na kuugawa. Ukigawa ulichokibadili, sharti uwape wenzako haki hizo hizo. Mwenye Windows au macOS hana haki hizo. Amelipia ruhusa ya kutumia, basi.

Mji wetu wa Kasese unajua maana ya kumtegemea mwenye mali mmoja. Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kuchukua shaba ya Kilembe kuipeleka Jinja kuyeyushwa. Uchimbaji ulipokoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, mji ulibaki na watu wake na ujuzi wao, lakini maamuzi hayakuwa yao. Nalisema hili kwa sababu wilaya inayoweka kumbukumbu zake zote ndani ya programu ya kampuni moja inajiweka mahali pale pale.

Nije kwenye afya, maana hapo ndipo Kasese ina ushahidi wake yenyewe. Juni 2019 mtoto wa miaka 5 aliyevuka kutoka Kongo alipelekwa hospitali ya Kagando, kisha akahamishiwa Bwera, na tarehe 11 Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ana Ebola. Mpakani kama Mpondwe, taarifa ya mgonjwa ikichelewa siku moja inaweza kugharimu uhai wa watu wengi. Sasa, ripoti za vituo vya afya vya Uganda huingizwa katika DHIS2, programu huria iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo kutokana na kazi iliyoanzia Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Waundaji wake wanapendekeza iendeshwe kwenye seva ya Linux. Wataalamu wa shirika la HISP Uganda huibadili kulingana na mahitaji ya nchi, bila kumpigia mtu magoti.

Mwanzoni mwa 2020, korona ilipoanza kuenea, Sri Lanka ilitumia DHIS2 kutengeneza utaratibu wa kufuatilia wasafiri wanaoingia nchini. Kazi hiyo ikawekwa wazi kwa wote. Uganda nayo ikaitengeneza DHIS2 ifuatilie madereva wa malori mipakani. Programu miliki ingehitaji mkataba, na mkataba ungehitaji fedha na vikao, na malori hayangesubiri. Kwa hiyo anayeniambia kwamba programu huria ni za wanafunzi wa kujaribia, namwomba aende ofisi ya afya ya wilaya akaulize takwimu zinakaa wapi.

Ajabu ni kwamba taarifa hizo zinazolindwa na mfumo huria huingizwa mara nyingi kwa kompyuta yenye Windows ya wizi, iliyozimwa masasisho ili isile bando. Mei 2017 kirusi cha WannaCry kilizifunga kompyuta katika nchi zaidi ya 100, zikiwemo za hospitali za Uingereza. Dawa yake ilikuwa imetolewa tangu Machi, ila walioumia hawakuwa wameiweka. Linux nayo huhitaji masasisho. Lakini toleo la Aprili 2024 la Ubuntu, mojawapo ya mifumo ya Linux, linapata miaka 5 ya masasisho bila malipo, na ukiyapakua mara moja unaruhusiwa kuyanakili kwenye flashi ukampa jirani, halali kabisa.

Lugha pia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili. Baadaye Microsoft nayo ikatoa Kiswahili cha Windows, kwa kuwa soko la Kiswahili ni kubwa. Soko la Lhukonzo, lugha yetu, si kubwa hivyo. Walimu wa Bwera wakitaka kompyuta izungumze Lhukonzo, Linux inawaruhusu kuanza kesho, na kazi yao itawafaa hata ndugu zao Wanande wa Beni na Butembo.

Sitaficha udhaifu. Kuna printa na skana zinazogoma kwenye Linux. Mhasibu aliyezoea programu za QuickBooks au Tally atapata shida, na simlazimishi ahame. Mwajiri anataka kijana ajuaye Word na Excel. Fundi wa Windows yuko kila kona, wa Linux ni wa kutafutwa. Haya yote ni ya kweli, na dawa yake ni mafunzo, ambayo yana gharama. Anayewaahidi mfumo huria usio na gharama yoyote anawadanganya.

Hukumu yangu ni kwamba kompyuta za shule, maktaba na vituo vya afya ziwe na mfumo huria, na zile za kazi maalumu zibaki na mfumo miliki wenye leseni halali. Naomba wilaya isitupe kompyuta hata moja kwa sababu tu imekataliwa na Windows 11. Kwa kuanzia, naomba shule za Kasese na Bwera zitenge kompyuta chache za Linux katika kila maabara, na zimpe mwalimu mmoja muda wa kujifunza kuzitengeneza. Nanyi mafundi wa mjini, mteja akiwaletea mashine kuukuu, mwonyesheni mifumo yote miwili kabla hamjamwekea wowote.