Nani Atalipia Ugonjwa Usiotokea?



Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wao Makueni na Kitui huko Ukambani, nchini Kenya, baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, yaani aflatoksini. Sumu hiyo haitoki kwa kuchemsha. Wachunguzi walipopima sampuli 350 kutoka masoko 65, asilimia 55 zilipita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo, sehemu 20 kwa bilioni. Kwa hiyo hata aliyepika kwa usafi wote hakuwa na kinga. Kinga ilipaswa kutangulia, shambani na ghalani.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi kaunti masoko, machinjio na utoaji wa leseni kwa wanaouzia umma chakula. Kazi ikagatuliwa. Lakini leseni huingiza fedha, na kinga hula fedha. Afisa wa afya ya umma anayeulizwa kila mwisho wa mwezi amekusanya kiasi gani atakuwa hodari wa kukusanya, na mwenye kibanda akimwona kwa mbali atatafuta risiti kabla ya sabuni. Tazameni cheti cha afya cha wahudumu wa chakula, kinacholipiwa kila miezi sita. Kipimo chake cha choo cha Januari hakisemi lolote kuhusu mikono ya Machi, hasa katika soko lisilo na bomba. Sisemi cheti kifutwe. Nasema ada yake ingejenga bomba hilo kwanza.

Ndiyo maana natetea ruzuku yenye masharti, ambayo Ibara ya 202 inairuhusu juu ya mgao wa kawaida. Najua neno “masharti” haliwapendezi magavana, na hofu yao si ya bure: ugatuzi unaweza kurudishwa Nairobi kwa mlango wa nyuma. Hata hivyo mahindi hayajui mipaka ya kaunti. Turubai la kukaushia mahindi linalonunuliwa Makueni humkinga mlaji wa Nairobi au Mombasa ambaye hakumpigia kura gavana wa Makueni. Si haki kaunti moja ibebe gharama ya usalama wa wote, na isipolipwa haitaibeba. Tena hakuna mwanasiasa anayekata utepe wa homa ya matumbo isiyotokea.

Vifaa vyenyewe si vya ajabu: vipima unyevu, kwa kuwa mahindi yanapaswa kushuka hadi asilimia 13.5 kabla ya kuhifadhiwa. Mashine za kukaushia. Na Aflasafe, iliyoidhinishwa nchini 2015, ambayo ni kuvu wasio na sumu wanaonyunyizwa shambani wawasukume nje ndugu zao wenye sumu.

Kigumu ni kalenda. Mwaka wa fedha huanza Julai. Mahindi ya vuli huko Ukambani huvunwa Januari na Februari. Ruzuku ikifika Juni, karatasi zitasomeka vizuri na mkaguzi ataridhika, ilhali mahindi yameshawekwa ghalani yakiwa mabichi. Basi sharti la kwanza liwe juu ya Hazina ya Taifa yenyewe: fedha zifike kabla ya Desemba. La kaunti lifuate: kupima mahindi ya sokoni kila baada ya mavuno, na kubandika matokeo palepale penye orodha ya ada.